Maswali kwa Fundi: zile jumbe nyekundu za neti zinasema nini

Wasomaji wa kusini mmeniweza. Maswali yaliyoingia safari hii karibu yote ni ya aina moja, mtu kafungua logi ya kompyuta au ya ruta kakuta mistari ya kutisha, moyo ukamruka, akampigia jirani na jirani naye akampa lake. Basi ya printa na simu zilizoingia maji yatasubiri, leo tumalizane na haya. Barua nimezipunguza urefu tu. Na kwa asiyejua, logi ni lile daftari ambalo mashine inajiandikia yenyewe kila kinachotokea, saa ngapi, na nani kaandika.

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina steshenari hapa Masasi karibu na stendi, kompyuta mbili za Windows, nawajazia watu fomu za mkopo wa chuo na maombi ya ajira. Juzi neti ilikuwa inasumbua akaja kijana mmoja akafungua kitu kinaitwa Event Viewer, jamani, nyekundu na njano zimejaa ukurasa mzima. Kasema mashine imeingiliwa, inatakiwa ipigwe Windows upya kwa elfu thelathini. Nimpe? Na kuna moja ya njano inajirudia sana imeandikwa 1014.
Mama Steshenari, Masasi

JIBU: Mama, hela yako kaa nayo kwanza. Event Viewer ya kompyuta yoyote ya Windows, hata iliyotoka dukani jana, ukiifungua utakuta nyekundu na njano, ndivyo ilivyo. Windows inaandika kila kitu, programu imechelewa kuamka inaandika, huduma fulani imeomba ruhusa ikanyimwa inaandika, na nyingi ya hizo zinajimaliza zenyewe hapo hapo wala wewe hujui. Kuna moja maarufu ya DistributedCOM namba 10016, inajaza kurasa na kurasa, na Microsoft wenyewe wameshaandika kwamba iachwe tu haina shida. Tena nikwambie, huu mchezo wa kumfungulia mtu Event Viewer ili aogope ni wa zamani, matapeli wa simu huko Uingereza na Marekani wamekula nao hela za wazee miaka mingi, anapiga anajifanya katoka Microsoft, anamwambia mzee wa watu fungua hapa, unaziona hizo nyekundu? ndio virusi hao. Simsemi kijana wako ni tapeli, inawezekana na yeye kaogopa kweli, ila nyekundu peke yake haithibitishi kitu.

Hiyo 1014 ndiyo yenye maana kwako. Inaandikwa na sehemu ya Windows inayoshughulika na DNS, na inachosema ni kwamba kompyuta iliuliza jina la tovuti fulani lina anwani gani, na kati ya seva za DNS zilizowekwa hakuna hata moja iliyojibu mpaka muda ukaisha. Basi, imeishia hapo, haijasema kosa ni la nani. Inawezekana intaneti yote ilikuwa imekata, inawezekana bando liliisha, inawezekana intaneti ipo ila seva ya DNS ya anayekuuzia neti ndio ilizubaa. Kuzitenganisha ni rahisi, siku ikisumbua tena fungua lile dirisha jeusi la cmd uandike ping 8.8.8.8, yaani unabisha hodi kwenye seva ya DNS ya Google, ikijibu huku tovuti hazifunguki basi mgonjwa ni DNS, ingia kwenye mipangilio ya neti uweke 8.8.8.8 au 1.1.1.1 uendelee na kazi. Isipojibu kabisa basi neti yenyewe haipo, mtafute anayekuuzia.

Halafu una kompyuta mbili, hiyo ni faida, fungua na ile ya pili uangalie dakika zile zile. Zote zikiwa na 1014 kwa muda mmoja basi ujue tatizo liko nje ya kompyuta, na hata ukipiga Windows upya kila wiki litabaki pale pale. Na ukikuta nyekundu ya Kernel-Power namba 41 hiyo ni kompyuta inalalamika kwamba ilizimika bila kuagwa, na kwa umeme wetu mbona sababu unaijua mwenyewe. Hiyo elfu thelathini anza nayo kuchangia UPS.

SWALI: Mambo vipi kaka fundi. Nauza waifai ya vocha Mikindani, antena iko juu ya bati inavuta neti kutoka mjini, waya unashuka mpaka kwenye ruta ya MikroTik poti ya kwanza. Wateja wanalalamika inakata, nikiingia kwenye logi naona ether1 link down, ether1 link up, inajirudia tu, halafu mistari mingine tarehe inasema Januari 1970, sasa sijui nimerogwa au vipi. Fundi mmoja kasema ruta mbovu ninunue kubwa zaidi. Inakata sana kama saa nane mchana hivi, na usiku wa manane.
Mdau wa vocha, Mikindani

JIBU: Kaka hujarogwa na ruta usinunue. Tuanze na hiyo 1970 maana inawatisha wengi. Mashine nyingi za neti zinahesabu muda kuanzia tarehe 1 Januari 1970, na hizi ruta ndogo nyingi hazina betri ya kutunza saa ndani, sasa umeme ukikatika ukarudi ruta inaamka haijui leo ni lini, inaanza kuhesabu kutoka huko mwanzo mpaka ipate pa kuulizia. Kwa hiyo ukiona 1970 usiseme logi mbovu, hapo umeshapewa habari bure kwamba ruta ilizimika ikawaka. Angalia mistari ya jirani kama kuna mwekundu unaosema router was rebooted without proper shutdown. Kama kila fungu la link down limekaa karibu na mstari huo basi kesi yako ni ya umeme unaoingia kwenye ruta, tafuta UPS ndogo au betri ya sola. Kama link down zinatokea katikati huku ruta yenyewe haijazima, endelea kusoma, na mimi kwa jinsi ulivyoeleza nadhani uko huku.

Ila kabla hujaenda mbali rekebisha saa. Washa NTP client humo kwenye MikroTik, ndio inayoulizia saa sahihi kwenye intaneti, na kwenye saa chagua Africa/Dar_es_Salaam, usipochagua itakuandikia saa za UTC ambazo ziko nyuma yetu kwa masaa 3. Wewe mteja anakwambia imekata saa nane mchana, hiyo ni 14:00, lakini kwenye logi ya UTC tukio hilo liko kwenye 11:00, utakodoa macho kwenye 14:00 hukuti kitu useme ruta inaficha. Nimeona mafundi wazima wanabishana na mteja kwa jambo hili. Kingine, logi ya MikroTik kwa kawaida inakaa kwenye memori, mistari 1000 tu, na umeme ukikata inafutika yote, yaani ushahidi unapotea pale pale unapouhitaji. Yale mambo makubwa ya error na critical yaelekeze yaandikwe kwenye disk, usielekeze kila kitu maana flashi yake ina ukomo wa kuandikwa, au kama una kompyuta inayokaa imewaka zitume huko kwa syslog, poti yake ni UDP 514.

Sasa link down. Huu ujumbe watu wanausoma vibaya kuliko mwingine wowote. Link down haina habari na intaneti, haina habari na bando wala vocha wala virusi wala wateja wengi, inasema kitu kimoja tu, kwamba ile poti haisikii tena mwenzake upande wa pili wa waya. Kwa hiyo washukiwa ni wachache mno, waya na vichwa vyake, umeme wa antena, au poti yenyewe ya upande mmoja, na ruta kubwa zaidi haitibu hata kimoja kati ya viwili vya kwanza.

Kuwatenganisha angalia muda kati ya down na up. Ikishuka ikapanda baada ya sekunde 2 au 3, huo ni waya unagusa na kuachia. Ikishuka ikakaa karibu dakika nzima ndio inapanda, hapo antena imezimika na kuwaka upya, muda huo ni wa yenyewe kuamka. Kuhakikisha ingia kwenye antena usome uptime yake, ikikwambia ina siku kadhaa haijazima basi umeme wake uko sawa, ikikwambia ina nusu saa umeshamkamata. Na hapa kuna kitu wengi hawakijui, hizi antena za bei nafuu umeme unapanda kwenye waya ule ule wa neti kupitia kile kiboksi cha PoE, na zile za poti ya 100M mara nyingi data inapita nyuzi namba 1, 2, 3 na 6, umeme unapita namba 4, 5, 7 na 8. Kwa hiyo kichwa kimoja kikioza unaweza kupata ugonjwa wowote kati ya hiyo miwili, inategemea uzi gani umeliwa.

Soma na kasi. Mstari wa link up huwa unamalizia na speed, 1G au 100M au 10M. Kasi ya 1G inataka nyuzi zote 8 ziwe nzima, 100M inatosheka na 4. Kama antena yako ni ya 1G na asubuhi ilipanda kwa 1G halafu mchana baada ya kukata ikapanda kwa 100M, kuna jozi imeachia, wala huhitaji kipimo. Ikiwa antena yako mwisho wake ni 100M hiyo ni kawaida usihangaike.

Mimi mpaka hapa namshuku kichwa cha RJ45 cha juu, kilichoingia kwenye antena. Mikindani uko juu ya ghuba, upepo wa chumvi usiku na mchana, shaba haikai. Panda asubuhi kabla bati halijawaka, chomoa kichwa kile, ukikuta meno yake yana ukijani au weusi hauna haja ya kuniandikia tena, kata, piga kichwa kipya, acha waya upinde kama kitanzi chini ya antena ili maji yadondoke yasifuate waya mpaka ndani. Mchana jua linatanua vitu, usiku umande unaingia, na muunganiko uliolegea unakata nyakati hizo hizo ulizonitajia. Kama waya wenyewe ni wa ile aluminiamu iliyopakwa shaba juu, unaujua kwa wepesi wake na ukikwangua uzi ndani unaona weupe, badilisha wote, tafuta wa shaba tupu na wa kukaa nje, na usizidi mita 100.

Moja la mwisho. Siku inakata halafu logi kimya, hakuna link down hata moja, hapo waya mzima na shida iko mbele ya antena, huko mjini. Ruta haitakuandikia kitu maana kwa upande wake mambo safi. Tumia Netwatch, ipe 8.8.8.8 iwe inapiga ping yenyewe, uiwekee amri ya kuandika kwenye logi isipojibu na ikirudi. Ndio siku ukigombana na anayekuuzia neti unamwonyesha saa na dakika.

SWALI: Salaam fundi. Mimi ni mwalimu wa TEHAMA sekondari moja huku Ruangwa. Maabara yetu kompyuta zinatoa ujumbe wa mgongano wa anwani ya IP, kwenye Event Viewer ni Tcpip 4199, nyingine zinapata anwani inayoanza na 169.254 hazifungui kitu. Imeanza baada ya likizo. Wanafunzi wanazima na kuwasha mpaka zinakubali, kipindi kinaisha.
Mwalimu, Ruangwa

JIBU: Mwalimu pole, ila una bahati maana 4199 ni moja ya jumbe chache zinazotaja mshukiwa kwa jina. Isome mpaka mwisho, inataja anwani ya IP inayogombaniwa na inataja hardware address ya yule mwingine anayeitumia, yaani MAC, zile herufi na namba 12. Iandike pembeni. Herufi 6 za mwanzo zinamtaja mtengenezaji, ukizitafuta intaneti utaambiwa hii ni printa ya kampuni fulani au ni ruta ya fulani, na kwenye shule mimi naanza kumshuku printa, maana kuna mtu aliwahi kuipa anwani ya kudumu kwa mkono, halafu ruta nayo haijui, ikaja kuigawa anwani ile ile kwa kompyuta. Dawa ni printa kuihamishia nje ya zile anwani zinazogawiwa, au ruta iwekewe kwamba hii ni ya printa usiiguse.

Angalizo, kama herufi ya pili ya hiyo MAC ni 2, 6, A au E, usipoteze muda kutafuta kampuni, hiyo ni MAC ya kubuni. Simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 zinajitungia MAC kwenye waifai ili mwenyewe asifuatiliwe. Kwa hiyo huyo mara nyingi ni simu, na chumba cha walimu kiko pale mwalimu, sisemi zaidi.

Zile za 169.254 ni habari nyingine ingawa zinatembea pamoja. Kompyuta iliomba anwani kwa DHCP, ule utaratibu wa ruta kugawa anwani, ikangoja, hakuna aliyejibu, ikaamua kujipa yenyewe. Haina kosa, usiipige kofi. Swali ni kwa nini hakuna aliyejibu, na kwa vile umesema imeanza baada ya likizo naomba uulize kama kuna mtu kaleta ruta ya nyumbani akaichomeka kwenye swichi ili apate waifai ofisini kwake. Ikichomekwa kwenye poti ya LAN, zile za kuunganishia kompyuta za ndani, inaanza na yenyewe kugawa anwani, sasa una wagawaji wawili kwenye neti moja, kompyuta hii inapewa na huyu ile inapewa na yule, nyingine inaishia katikati. Kumjua, kwenye kompyuta iliyopata neti na ile ambayo ina anwani lakini haifungui andika ipconfig /all, soma mstari wa DHCP Server, zikitofautiana umempata. Kisha tembea swichi moja moja unachomoa waya mpaka yule wa pili apotee.

Kama hukuti ruta ya pili, na zenye 169.254 zote zimekaa safu moja ya maabara, angalia swichi ya safu hiyo na waya unaotoka hapo kwenda kwenye ruta.

SWALI: Fundi, niko Tandahimba, nina hotspoti ya vocha. Mwaka mzima iko vizuri, msimu wa korosho ukiingia ruta inaanza kuandika kwamba imeshindwa kutoa anwani, pool is empty. Simu za wateja zinazunguka tu hazipati IP. Naambiwa niongeze kasi ya neti.
Kijana wa hotspoti, Tandahimba

JIBU: Hapana, kasi haihusiki hata kidogo. Hela ya korosho ikiingia kila mtu ana simu mpya, hongereni. Pool ni lile fungu la anwani za kugawa na lako limeisha. Neti ya kawaida ya /24 ina anwani 254 tu, toa ya ruta yenyewe. Na hata kama wateja waliokaa hapo hawafiki idadi hiyo anwani zinaweza kuisha, maana mtu akipita barabarani simu yake ikaingia kwenye waifai yako inachukua anwani hata bila kununua vocha, kisha anaondoka nayo, na haitarudi kwenye fungu mpaka muda wa lizi uishe, yaani ule muda simu inaoazimwa anwani. Ongeza zile MAC za kubuni nilizomwambia mwalimu hapo juu, simu moja inaweza kuhesabiwa mara mbili. Kwanza punguza muda wa lizi, kama umeweka siku nzima shusha iwe nusu saa au saa moja. Ikibidi ndio upanue neti kutoka /24 iwe /23, hapo unapata anwani 510, ila kumbuka kubadilisha na anwani ya ruta na ya mtandao kwenye DHCP, ukibadilisha fungu peke yake utajiletea mengine.

Na ukiona mstari mwingine wa offering lease without success usiuchanganye na huu. Huo unasema ruta ilitoa anwani ila simu haikuipokea, mara nyingi ni mteja yuko mbali waifai haimfikii vizuri, au kuna mgawaji mwingine kamuwahi.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mhasibu wa AMCOS huku Newala. Ruta ya ofisi inaandika login failure for user root, admin, na majina mengine ya kizungu, kila baada ya sekunde chache, usiku kucha, anwani za nje ya nchi. Mwenyekiti anauliza kuna watu wanataka hela za wakulima?
Mhasibu, Newala

JIBU: Marahaba. Mwambie mwenyekiti atulie ila asilale. Hao sio watu waliokaa wakaitaja Newala, ni programu zinazozunguka intaneti nzima zinajaribu kila mlango na pasiwedi za kawaida, ukiwa na ruta yenye anwani ya wazi lazima wakufikie. Neno failure linamaanisha walishindwa. Mimi hiyo mistari elfu ya failure hainishtui, kinachonishtua ni mstari mmoja wa logged in kutoka anwani usiyoijua, huo ndio uutafute, na uko humo humo umefunikwa na kelele za hizo nyingine.

Hata hivyo mlango hautakiwi kuwa wazi. Mstari unaishia na njia waliyopitia, via ssh, via telnet, via winbox, hizo zifunge zisifikike kutoka nje, ubaki unaingia ukiwa ndani ya ofisi. Na sasisha RouterOS, ile programu inayoendesha ruta za MikroTik, usiseme pasiwedi yangu ngumu inatosha, mwaka 2018 liligundulika tundu kwenye Winbox, ile njia ya kuingilia ruta hizo kutoka kwenye kompyuta, lililomruhusu mtu kusoma pasiwedi zenyewe bila kukisia chochote, kiraka kilitoka Aprili mwaka huo huo, na bado ruta nyingi duniani ziliingiliwa kwa sababu wenyewe hawakusasisha. Kama ya kwenu haijawahi kuguswa tangu ifungwe basi sasisha kisha badilisha na pasiwedi.

SWALI: Broo nipo chuo hapa Mtwara Mjini, natumia Linux, waifai ya geto inanigomea, dmesg inasema deauthenticated, Reason: 15. Draiva?
Msela wa Shangani

JIBU: Pasiwedi mdogo wangu. Namba 15 ni kwamba ule mkono wa kupeana funguo wa hatua 4 haukukamilika muda ukaisha, na mara nyingi sana ni pasiwedi imekosewa au mwenye geto kaibadilisha hajakwambia. Andika upya taratibu. Ukiwa na uhakika nayo sogea karibu na ruta ujaribu tena, maana ishara dhaifu nayo inaleta 15 hiyo hiyo. Ukija kuona namba 3 huko mbeleni hiyo ni kuagana tu, mmoja kaamua kuondoka.

SWALI: Kaka, mwaka 2024 mwezi wa tano neti ilikufa huku Kilwa Masoko siku kadhaa, nikaangalia logi ya ruta hakuna kosa hata moja, kila kitu kijani. Sasa logi inasaidia nini?
Mteja wa Kilwa

JIBU: Ile ilikuwa Mei 12, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na Afrika Kusini, na sio Kilwa tu, Tanzania yote tulikuwa tunapumulia kwa mrija pamoja na nchi nyingine za Afrika Mashariki. Ruta yako ilikuwa inaongea vizuri kabisa na jirani yake wa kwanza, sasa ingeandika kosa gani? Na hilo lilikusaidia ingawa hukujua, maana lilikuokoa kupanda juu ya bati kuchomoa nyaya zisizo na tatizo. Siku nyingine ikitokea hivyo andika tracert 8.8.8.8, uone inafika hatua ya ngapi ndio inaanza nyota nyota. Ikipita hatua mbili tatu za mwanzo ikafia huko mbele, kaa usubiri na wenzako.

SWALI: Fundi nikifuta logi zote kompyuta itakuwa nyepesi?
Asiyetaja jina, Lindi Mjini

JIBU: Hapana. Ile System ya Windows kwa kawaida haizidi MB 20, ikijaa inafuta za zamani yenyewe. Uzito tafuta kwenye programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta, na kama bado inatumia hadidiski ya kuzunguka weka SSD.